Siku moja maishani mwangu: kuanzia umande mpaka kusi

Saa kumi na nusu alfajiri

Kanga niliyoisahau kambani jana ndiyo ninayoiangalia kwanza, kabla ya simu. Imeinamia upande wa bahari, na harufu inayonijia ni ya moshi wa kuni na zizi la jirani, si ya mwani. Basi ni umande. Wavuvi wetu wa Tanga hutumia neno hilo kwa maji yaliyo juu ya majani na pia kwa ule upepo mwembamba wa usiku unaotoka bara kwenda baharini, unaowatoa na ngalawa zao kabla ya kupambazuka. Utanifaa na mimi mpaka kama saa mbili na nusu. Ni Julai, kwa hiyo baada ya hapo itaingia kusi, ule upepo wa kusini utokao baharini, na uwanja utakuwa mwingine kabisa ijapokuwa nyasi ni zilezile.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari za gofu za pwani. Nina ofisi ya chumba kimoja mjini, meza moja, ramani kubwa ukutani, na gari la kukodi ninapolihitaji. Mara nyingi nabeba mfuko wa fimbo mwenyewe, maana nilianza hivyo. Baba yangu alikuwa mkata nyasi wa uwanja, na mimi tangu darasa la tano nilikuwa naokota mipira iliyopotea na kuwarudishia wenyewe. Nilipokua nikawa kedi, mbeba mfuko wa fimbo za mchezaji. Kedi wa kike alikuwa jambo la kutazamwa wakati ule. Sikuacha.

Saa kumi na moja na robo

Maji chupa sita, ndizi, machungwa ya Muheza, chumvi kidogo kwenye karatasi, taulo tatu. Glavu mbili kwa kila mchezaji: moja mkononi, moja inaning'inia nje ya mfuko ikikauka, kisha zinabadilishana kila baada ya mashimo matatu. Mtu wa bara haamini mpaka glavu imteleze. Mishikio ya fimbo nimeiosha tangu jana kwa maji na sabuni, maana jasho la pwani lina chumvi, ukichanganya na mafuta ya kujikinga jua inakuwa kama umepaka samli.

Nikapita kona kwa Bi Mkubwa kuchukua mahamri na mbaazi za nazi, za kula baada ya mchezo. Akaniuliza, "Leo wazungu?" Nikamwambia, "Leo wa Arusha." Akaongeza mahamri mawili.

Saa kumi na mbili

Wageni wangu wamefikia hoteli moja ya Raskazone: mzee, mhandisi wa maji mstaafu, na mkewe, mwalimu mkuu mstaafu.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unalala saa ngapi?"

Wote wawili walikuwa tayari wamevaa. Nikafurahi, kwani wapo wageni wanaohesabu asubuhi kuanzia chai. Nawaheshimu wote, ila kwa gofu ya pwani saa moja ya asubuhi ina thamani kuliko saa tatu za mchana, na hilo huwa nalisema tangu kwenye simu ya kwanza.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini

Jua ndiyo kwanza linachungulia. Tulikuwa tunacheza mashimo tisa tu hapa nyumbani kwetu Tanga, kama maandalizi ya safari yao ya siku sita kwenda kaskazini, pwani ya Kenya. Tulikuwa wanne pamoja na kijana wangu mmoja, kedi wa miaka ishirini na mbili anayekuja vizuri.

Shimo la pili ni pale nilipotaka kumwona mzee. Alisimama mita 130 kutoka kwenye bendera, akachukua fimbo namba saba kama anavyofanya nyumbani, akapiga vizuri. Sauti ilikuwa safi, mpira ulipaa sawasawa. Ukaangukia mita saba au nane kabla ya grini, ile nyasi fupi inayozunguka shimo.

"Nimeugusa vibaya?"

"Hapana mzee. Umepiga vizuri sana. Arusha uko mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira haupati wa kuuzuia. Hapa uko chini kabisa. Kila mpigo mrefu ongeza nusu ya fimbo, yaani nusu ya tofauti kati ya fimbo moja na ile ndefu inayofuata, na asubuhi mpira ukiwa na maji ongeza fimbo nzima."

Mama akadakia, "Si ni kwa sababu ya unyevu? Wanasema hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu."

Nilishaamini hivyo miaka mingi, mpaka nikajifunza kwamba ni kinyume: hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu, na joto nalo linaifanya nyepesi zaidi. Kinachoupunguza mpira hapa ni kule kuwa usawa wa bahari. Ndiyo maana mchezaji wa Nairobi au Arusha akishuka pwani hulalamika kwamba fimbo zake zimezeeka. Hazijazeeka. Zimeshuka mlima.

Kitu kingine nikawaonyesha pale pale kwenye grini. Kabla jua halijakausha majani, kila mpira unaosukumwa huacha mstari kwenye umande, mstari mweusi juu ya weupe. Mama alisukuma mpira wa mita nane, ukapita kushoto ya shimo. Nikamwomba asiuokote. Tukachuchumaa wote wanne nyuma ya ule mstari. Ungeuona: ulinyooka kwa hatua tano, halafu ukaanza kukunja polepole kuelekea upande wa bahari, na mwishoni, pale mpira ulipochoka, ukakunja kwa ghafla kama mkia wa herufi. Mwalimu yeyote angelipa fedha apate ubao wa namna hiyo. Mpira una kipenyo cha milimita 42.67 na shimo ni milimita 108, kwa hiyo nafasi ipo, lakini ukikosea ile kona ya mwisho haina msaada. Akarudia palepale, akaanza mkono mmoja kulia zaidi. Uliingia. Mzee akapiga makofi kwa sauti mpaka kunguru wakaruka.

Kunguru wenyewe nao walikuwa na zamu yao. Shimo la tano, mpira wa mzee ukiwa umetulia katikati ya uwanda, mmoja alishuka, akauchukua mdomoni, akaondoka nao juu ya mwarobaini. Wote tulimwona. Mzee akadhani amepoteza mpigo. Kanuni iko wazi: mpira uliotulia ukiondolewa na mnyama au ndege, na mna hakika ndivyo ilivyokuwa, unaweka mwingine palepale, hakuna adhabu. Sheria hii itamfaa sana Diani, ambako badala ya kunguru atakutana na nyani.

Saa mbili na nusu

Tukiwa shimo la saba upepo ulikufa. Kwa dakika kumi hivi hakuna jani lililotikisika, na joto likashuka mabegani kama blanketi. Nikamwambia kijana wangu, "Angalia minazi." Kwanza zikasogea ncha za minazi iliyo karibu na maji, halafu bendera ya shimo la nane, halafu tukaisikia wenyewe masikioni. Kusi imeingia.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Upepo ukija usoni wanapiga kwa nguvu zaidi, na kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo mpira unavyozunguka zaidi, unapaa, unasimama hewani, unarudishwa. Mama hakufanya hivyo. Bila kuambiwa alichukua fimbo ndefu zaidi kwa ngazi mbili, akashika chini kidogo kwenye mshikio, akapiga nusu mkono. Mpira ulikwenda chini chini, kama ndege mwari anayepita juu ya maji, ukadunda mara mbili na kupanda kwenye grini. Nilimuuliza amejifunza wapi. "Nilicheza netiboli miaka ishirini," akasema. "Upepo ukiwepo, pasi inakwenda chini."

Mzee alipiga mipira mitatu juu angani kabla hajakubali. Lakini alikubali.

Saa tatu na nusu

Tumemaliza. Chai ya rangi, mahamri, mbaazi, kivulini. Kijana nikamlipa papo hapo, mkononi, kama ninavyofanya kila mara. Kedi aliyelipwa kesho ni kedi anayeamka kesho akiwa na mashaka.

Mzee akauliza kwa nini nasisitiza hivyo habari ya asubuhi, maana kuna viwanja wanatoa nafasi za mchana kwa bei nafuu. Nikamsimulia jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka juzi, mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na jua kali, nilipokea nafasi ya saa sita na nusu mchana kwa sababu asubuhi ilikuwa imejaa. Wachezaji wanne. Kwenye shimo la kumi na mbili baba mmoja wa miaka sitini na kitu alianza kujibu maneno yasiyohusiana na swali. Nilimshika mkono: ngozi ilikuwa ya moto, na jasho limekata. Tulimlaza kivulini, tukamfungua vifungo, tukamwekea taulo za maji shingoni na makwapani, tukampepea kwa kofia mpaka gari likaja kumpeleka hospitali. Alipona, alhamdulillahi, na bado tunasalimiana sikukuu. Lakini kosa lilikuwa langu. Uwanja haukuwa na kosa, wala jua. Mimi ndiye niliyekubali ile saa. Tangu siku ile, miezi ya kaskazi sipokei nafasi yoyote inayoanza baada ya saa mbili asubuhi, hata kama ni ya bure.

Saa tano

Ofisini. Tukakaa mbele ya ramani, na hapa ndipo tulipobishana.

Mzee alikuwa na shauku moja: Vipingo. Amesoma, amesikia, rafiki zake wamekwenda. Alitaka tuvuke mpaka wa Horohoro, tukate njia ya Dongo Kundu bila hata kupanda kivuko cha Likoni, tulale Vipingo siku nne, turudi. Namwelewa. Vipingo Ridge, kaskazini ya Mombasa kabla ya Kilifi, ni uwanja mkubwa kweli: mashimo 18, mapigo 72, mibuyu imesimama katikati ya njia za mpira kama wazee wa baraza, na kutoka juu ya kilima unaiona bahari yote. Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, huyohuyo aliyechora Kili Golf kule Usa River ambako mzee anacheza kila akipata nafasi. Mwaka 2019 wanawake wa ziara ya Ulaya walikuja kushindania hapo kwa mara ya kwanza, akashinda Mjerumani Esther Henseleit. Mwaka 2023 akashinda Aditi Ashok wa India, yule aliyekuwa wa nne kwenye Olimpiki ya Tokyo. Mama alipolisikia hilo akachukua kalamu akaandika majina yote mawili.

Kwa mtu wa Tanga, Vipingo ina kitu kingine pia. Ardhi ile ilikuwa ya mkonge. Sisi tumezaliwa ndani ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi elfu moja kutoka Florida, vikafika hai 62 tu, na kutokana na hivyo 62 mkoa wetu ukapata mashamba, reli na majina ya vitongoji. Nilipofika Vipingo mara ya kwanza nikaona mistari ya mkonge ng'ambo ya nyasi, nilijihisi niko njia ya Muheza. Kwa hiyo sikuwa napinga Vipingo hata kidogo. Nilikuwa napinga siku nne za uwanja mmoja.

"Mzee, Diani je?"

Uwanja wa Leisure Lodge ni mashimo 18 ndani ya msitu wa pwani. Kusi ya Julai inapita juu ya miti, wewe chini huisikii, shati lako halitikisiki, unapiga kwa ujasiri, mpira ukivuka usawa wa majani unachukuliwa. Pale husomi upepo kwa shavu, unausoma kwa vilele vya miti. Mbega wanakaa wanakuangalia. Ni somo ambalo Vipingo hailitoi, kwa kuwa Vipingo upepo uko wazi, unakusalimia tangu unaposhuka garini.

Hilo akalikubali upesi. Nyali pia akaikubali, kwa sababu ni mashimo 18 na iko mjini, karibu na kila kitu. Tatizo likawa Mombasa yenyewe.

Mombasa Golf Club ilianzishwa mwaka 1911. Iko juu ya majabali, Mama Ngina, pale mlango wa bahari unapoingia Kilindini. Ni mashimo tisa. Mzee aliposikia tisa akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, niendeshwe kilomita mia na sabini nikacheze mashimo tisa?"

Nilimjibu kwa heshima, lakini nilimjibu. Kwanza, yeye mwenyewe amekuzwa na mashimo tisa ya Arusha mjini na hajawahi kuyadharau. Pili, hiyo kumi na nane haikushuka kutoka mbinguni. St Andrews walikuwa na mashimo 22 mpaka walipoyapunguza kuwa 18 mwaka 1764, na shindano la kwanza la wazi la Uingereza, mwaka 1860 kule Prestwick, lilichezwa kwenye uwanja wa mashimo 12, wakauzunguka mara tatu kwa siku moja. Walicheza kwenye mchanga wa ufukweni usiofaa kulima, katikati ya bahari na mashamba, kwa sababu ndiyo ardhi iliyokuwa haina mwenye haja nayo. Gofu ni mtoto wa pwani. Ilipanda milimani baadaye.

Kwenye majabali ya Mombasa unaona kitu ambacho hakipo kwenye uwanja mwingine wowote ninaoujua. Unasimama na fimbo, na meli ya makontena inapita mbele yako, karibu kiasi kwamba unasoma jina lake na kumwona baharia akianika nguo. Upepo unapanda ukutani mwa jabali badala ya kuja moja kwa moja, kwa hiyo mpira wa juu unasukumwa juu zaidi na ule wa chini hauguswi. Mtu mwenye mikono ya mama anaweza kumshinda kijana mwenye misuli pale. Na anayetaka kumi na nane anazunguka mara mbili: duru ya kwanza kwenye umande, duru ya pili kwenye kusi. Ni viwanja viwili kwa ada ya kimoja.

Mzee akanyamaza. "Tutaona," akasema. Kwa kabila la wahandisi, "tutaona" ni neno refu.

Kuhusu njia ya kurudi, mama aliuliza kama wanaweza kumalizia Unguja. Wanaweza: kuna ndege ndogo kutoka hapa Tanga, na Mangapwani kuna mashimo tisa ya Sea Cliff yanayotazama bahari. Kutoka huko ni kuvuka tu hadi Dar es Salaam, kwenye kumi na nane ya Gymkhana katikati ya mji au kumi na nane ya Lugalo iliyo chini ya jeshi. Lakini hiyo ni safari nyingine, na nikawashauri wasiibane ndani ya hii.

Saa saba mchana

Wali, samaki, mchicha. Sala. Dakika ishirini za kulala sakafuni, mlango wazi.

Saa nane na nusu

Karatasi. Pasipoti zote mbili nimezikagua muda wake, kadi za njano za chanjo nimeziona kwa macho, bima ya gari ya kuvuka mpaka imelipwa. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, kutoka mpakani hadi Likoni ni kama mia na tano. Kilomita hazinisumbui. Kinachonisumbua ni mtu kusahau kadi ya njano kwenye droo Arusha na kuniambia tukiwa dirishani.

Saa tisa na nusu

Nikapita kumsalimia Babu, mzee aliyefanya kazi na baba yangu. Miaka sabini na kitu, bado anaitwa ushauri wa nyasi. Safari hii aliitwa na mwenye nyumba ya wageni aliyetaka grini ndogo ya mazoezi karibu na maji, na ikaungua yote.

Babu alipiga magoti, akang'oa kipande, akakiweka ulimini. "Chumvi," akasema. Wanamwagilia kwa maji ya kisima kilichochimbwa karibu mno na bahari.

Ameotesha ukoka, hii nyasi yetu ya kila ua ambayo dunia ya gofu inaiita Bermuda. Ukoka unavumilia jua, unavumilia kukanyagwa, unakatwa chini sana na bado unatambaa. Chumvi nayo unaivumilia kwa kiasi, ila kivuli na mizizi yenye maji ya chumvi kila siku vinaumaliza. Inayoweza zaidi ni paspalamu, nyasi ya ufukweni, inayoota mpaka mahali mawimbi yanapofika, na viwanja vingi vya pwani duniani vimehamia huko. Babu akamwonyesha yule bwana vipande viwili viganjani. Jani la ukoka ni jembamba, la kijivu kidogo, na shina lake lina vinundu vya karibu karibu. La paspalamu linang'aa kama limepakwa mafuta na ukilikunja halivunjiki. "Chukua hii," akamwambia, "au hamisha kisima. Vyote viwili ni bora zaidi."

Mwenye nyumba alitaka dawa. Hakuna dawa ya bahari.

Saa kumi na moja jioni

Mama aliomba somo la mchanga. Arusha hajazoea mashimo ya mchanga mweupe mwororo kama ya huku, na alikuwa na hofu nayo. Mzee alibaki hotelini kupumzika, au hivyo alivyosema.

Tulishuka ufukweni Raskazone. Yalikuwa maji mafu, bahari haikwenda mbali, lakini ilituachia kipande cha mchanga cha kututosha, juu mkavu na chini karibu na maji mgumu. Hakuna darasa bora. Nilichora mstari mrefu kwa kisigino, bila mpira, nikamwambia apige mstari tu. Fimbo iingie juu ya mstari, itoke mbele yake. Mapigo kumi ya kwanza yaliingia nyuma sana, mchanga mwingi, fimbo ikazama. Tulisogea hatua moja, tukarudia. Akaanza kuusikia: sauti ikikaa sawa, mchanga unaruka kama konzi moja ya unga, haubaki shimo bali sahani.

Ndipo nikaweka mpira, nusu kiganja mbele ya mstari. "Usiutazame mpira. Tazama mstari." Mpira ukatoka umekaa juu ya mchanga, kama mtu aliyebebwa, ukaanguka laini.

Kisha tukashuka kwenye mchanga mgumu wa chini, na pigo lilelile likamsaliti: fimbo iligonga, ikaruka, mpira ukaenda mbali kupita kiasi. Mchanga ulioloa haufunguki. Pale usifungue uso wa fimbo sana, na uingie karibu zaidi na mpira. Nikamfundisha kuujua kabla hajapiga. Kanuni hazikuruhusu kuugusa mchanga kwa mkono au fimbo ili kuupima, lakini miguu yako lazima isimame, na miguu inasikia. Alivua viatu ili asikie vizuri. Watoto wawili waliokuwa wanatafuta kaa wakaja kutazama, mmoja akamwambia, "Bibi, piga tena."

Alipiga mpaka magharibi.

Saa moja na nusu usiku

Nyumbani. Uji wa mchele, mkate wa kumimina uliobaki. Nilikuwa naandika orodha ya kesho simu ilipolia. Mzee.

"Mwanangu, nimekaa hapa kibarazani natazama meli inaingia bandarini. Taa zote zimewashwa. Ile ya Mombasa, hupita karibu kuliko hii?"

"Karibu zaidi, mzee. Unamwona mtu."

"Kusi inaingia saa ngapi huko?"

"Kama hapa. Saa mbili na nusu, saa tatu."

Kimya kidogo. Nikamsikia mama akisema kitu kwa nyuma, kisha kicheko chake.

"Basi tuwepo mapema. Na iwe mara mbili, kama ulivyosema."

Nikafungua daftari, nikapunguza siku moja ya Vipingo, nikaandika: Mombasa, Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini, tisa na tisa. Glavu nne.